Gundi ya Jino Haina Vizazi

Muhula uliopita tuliulizwa katika mtihani swali ambalo kila mwanafunzi wa udaktari wa meno analijua: taja vizazi vya gundi zinazounganisha kizibo cha rangi ya jino na jino lenyewe, kisha ueleze kila kizazi kilivyoendelea kuliko kilichotangulia. Nilivitaja vyote kama vilivyo kwenye daftari. Halafu nikaongeza aya moja, nikasema kwamba kizazi cha saba, ukiangalia wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka, hakikuendelea popote. Kilirudi nyuma ya kile cha nne. Aya hiyo ilipigwa mstari mwekundu, na pembeni likaandikwa neno moja: "Hapana." Sikupoteza alama nyingi, wala sikuja hapa kuzidai. Ninachodai ni kuelezwa ile "hapana", maana nimeirudia mara nyingi na bado sioni imesimama juu ya nini.

Kwa kuwa mkusanyiko huu unasomwa pia na wenzetu wa vitivo vingine, nianze na mambo ya msingi. Kwa miaka mingi jino lililotoboka lilizibwa kwa amalgamu, ile ya rangi ya risasi yenye zebaki ndani yake. Amalgamu haigandi kwenye jino. Inakaa kwa sababu tundu limechongwa likawa pana chini na jembamba juu, kama chungu. Kizibo cheupe, yaani kompositi, hakihitaji chungu. Kinahitaji gundi, ambayo kliniki tunaiita bondi. Tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Uganda ni mwanachama wake, nchi zimekubaliana kupunguza amalgamu kwa sababu ya zebaki, na kazi inazidi kuhamia kwenye kompositi. Kwa hiyo swali la gundi ipi na kwa njia ipi limetoka mikononi mwa wapenda urembo. Sasa linamhusu mtu aliyejinyima ili alipie jino mara moja, na hana cha kulipia mara ya pili.

Jino lina matabaka mawili yanayotuhusu. La nje, enameli, ni madini karibu tupu, kiasi cha asilimia 96 kwa uzito. La ndani, dentini, lina madini asilimia 70 hivi, na kinachobaki ni maji na nyuzi za kolajeni. Tena limetobolewa kote na vijifereji vinavyoelekea kwenye kiini, kuliko na mishipa ya fahamu. Enameli haina shida. Mwaka 1955, Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, aliipaka asidi ya fosforiki kwa sekunde 30, akaisuuza, akaona plastiki ya akriliki inashika kwa muda mrefu zaidi kuliko kwenye jino ambalo halikupakwa kitu. Tangu hapo tumepunguza tu ukali wa asidi, kutoka asilimia 85 aliyoitumia yeye hadi 37 hivi, lakini njia ni ileile. Shida yote iko kwenye dentini. Ni tabaka lenye maji, na resini na maji havipatani.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Mwaka 1979, Takao Fusayama wa Japani alithubutu kuipaka asidi hata dentini, jambo ambalo wengi waliliogopa wakidhani litaua kiini. Miaka mitatu baadaye Nobuo Nakabayashi na wenzake walionyesha kwamba resini huzama katikati ya nyuzi za kolajeni na kufanya tabaka mseto, nusu jino na nusu plastiki. Kutoka huko tukapata njia ya hatua tatu: paka asidi na uisuuze, paka praima, paka gundi. Ni njia nzuri, lakini ni kali kwa mtendaji. Asidi huondoa madini yote katika mikromita chache za juu, na nyuzi hubaki zikielea majini. Ukikausha mno, zinalala na kushikana kama wavu uliosahauliwa juani ufukweni Ggaba. Ukiacha maji mengi, resini haipiti. Unatakiwa uache "unyevu", na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia unyevu huo unapimwa kwa nini isipokuwa kwa macho yake.

Njia nyingine ni ya gundi iliyo na asidi ndani yake. Hii haisuuzwi. Inayeyusha madini kidogo na kupenya papo hapo, huku ikiacha kalsiamu nyingine imezunguka nyuzi. Zile za asidi laini, zenye pH ya karibu 2, zikiwa na kemikali iitwayo 10-MDP, hushikana na kalsiamu hiyo kikemia, si kwa kujisokota kwenye nyuzi tu. Clearfil SE Bond ni mfano unaotajwa sana. Ina chupa mbili: praima yenye asidi na maji, kisha gundi isiyo na maji inayofunika juu. Baadaye watengenezaji wakajiuliza kwa nini chupa ziwe mbili. Wakachanganya vyote mahali pamoja: asidi, maji, kiyeyusho, resini inayopenda maji na isiyoyapenda. Hiyo ndiyo inayoitwa kizazi cha saba katika daftari langu.

Na neno hilo, kizazi, ndilo nililokuja kugombana nalo. Mtu akisikia cha nne, cha tano, cha sita, cha saba, anafikiria simu za mkononi: mpya ina kila kilichokuwa kwenye ya zamani na zaidi. Lakini orodha hii haikupangwa kwa jinsi gundi zinavyoshika. Imepangwa kwa zilivyofuatana kuingia sokoni na kwa idadi ya chupa. Kutoka cha nne kwenda cha tano, praima na gundi vimetiwa chupa moja. Kutoka cha sita kwenda cha saba, vitu vimeunganishwa tena. Maendeleo yote tunayoyakariri ni chupa zilizopungua, na anayefaidika kwanza ni daktari mwenye haraka. Mgonjwa hatajwi. Mwaka 2003, Bart Van Meerbeek na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walizigawa gundi kwa jinsi zinavyokutana na jino: za kusuuza asidi, zenye asidi ndani yake, na ionoma ya glasi, kisha wakahesabu hatua katika kila kundi. Mgawanyo huo unaeleweka na mtu yeyote. Miaka zaidi ya 20 imepita, na sisi bado tunatahiniwa kwa vizazi.

Ushahidi ninaousema si wa siri. Mwaka 2005, Marleen Peumans na wenzake, wa Leuven vilevile, walikusanya majaribio ya kliniki ya vizibo vilivyowekwa shingoni mwa jino, pale karibu na ufizi ambapo mswaki mgumu hula. Mahali hapo pamechaguliwa kwa makusudi. Hapana umbo la chungu wala kona ya kushikilia. Gundi ikishindwa, kizibo kinadondoka na ubishi unaisha. Walichokiona ni hiki: njia ya kusuuza yenye hatua tatu ilifanya vizuri na kwa kutegemewa, na gundi yenye asidi ya hatua mbili vivyo hivyo. Ile ya kusuuza ya hatua mbili, yaani "kizazi cha tano", ilikuwa chini kidogo. Ya chupa moja ya hatua moja ilikuwa dhaifu kuliko zote. Ziko pia tafiti za miaka 13 za kundi hilohilo zilizofuatilia gundi za hatua tatu, na ile ya hatua mbili niliyoitaja, na vizibo vingi bado vilikuwa mahali pake. Sasa nani aniambie cha saba kimekiendeleza cha nne.

Sababu yake hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuieleza. Ukitia maji ndani ya gundi ili asidi ifanye kazi, lazima uyatoe kabla ya kuangaza mwanga wa bluu. Hewa ya kupuliza haiyatoi yote. Kinachobaki ni utando unaopitisha maji hata baada ya kuganda, jambo ambalo Franklin Tay na wenzake walilionyesha mwaka 2002. Chini yake kuna dentini inayotoa majimaji kila saa, juu yake kuna kinywa. Katika mfumo wa chupa mbili, tabaka la mwisho halina maji na hufunga mlango. Katika chupa moja mlango haufungwi. Gundi hiyo ikipimwa maabara baada ya saa 24 inaonyesha namba za kupendeza, na namba hizo ndizo zinazochapwa kwenye karatasi za matangazo tunazogawiwa pamoja na kalamu za bure. Jino halikai kinywani saa 24.

Nina mgonjwa mmoja katika habari hii. Ni mama wa umri wa mama yangu, anauza ndizi sokoni, na meno yake mawili ya upande wa kushoto yalikuwa yameliwa shingoni hadi maji ya baridi yakawa adhabu kwake. Nilimziba mwenyewe, mwalimu akisimamia. Kabatini kulikuwa na gundi moja tu, ya chupa moja, nami nilifurahi, maana zamu ilikuwa inakaribia kuisha na wagonjwa wawili walikuwa bado bench. Nilipaka sekunde 20, nikapuliza, nikaangaza, nikajaza. Alitabasamu, nikatiwa sahihi kwenye kitabu changu cha kazi. Miezi minne baadaye alirudi na kifurushi kidogo cha kavera. Akakifungua polepole, akanionyesha kipande cheupe kama punje ya mchele, akasema: "Musawo, jino lako limetoka." Alisema jino lako, si jino langu. Cha pili kilikuwa bado kipo, lakini ukingo wake ulikuwa umezungukwa na mstari wa kahawia.

Mwalimu aliponiuliza nilikosea wapi, nilijibu kwamba huenda nilipuliza hewa kidogo, na huenda sikusugua gundi kwa brashi kama karatasi inavyoagiza. Ni kweli, huenda. Sijitoi. Lakini angalia hoja inavyojigeuza. Chupa moja inauzwa kwetu kwa maneno kwamba inapunguza makosa ya mkono, kwa hiyo inawafaa wanafunzi. Ikishindwa, tunaambiwa kosa ni la mkono wa mwanafunzi. Haiwezekani dawa isifiwe kwa kuvumilia makosa na hapohapo ilindwe kwa kusingizia makosa. Tena kulikuwa na mambo mawili ambayo mkono wangu haukuyasababisha. Dentini ya shingo iliyosuguliwa miaka mingi huwa ngumu na ya kung'aa, vijifereji vimezibwa na madini, na asidi laini inaikwaruza tu. Na enameli ya ukingoni, hasa ile ambayo haikuguswa na mashine, haichimbwi vya kutosha na asidi laini. Hapo ndipo mstari wa kahawia unapoanzia. Buonocore alishatupa jibu la enameli. Tuliliacha kwa sababu lebo ilisema si lazima.

Nisieleweke kwamba niko upande wa wale wazee wa "hatua tatu basi". Nao nina neno nao. Wapo wanaosema gundi ya kusuuza ndiyo kipimo cha dhahabu na hapo mjadala umefungwa. Kipimo cha dhahabu kwa nani, na katika chumba gani? Majaribio yale mazuri yalifanywa na mikono iliyozoea, kwenye viti vyenye mfyonzo wa mate unaofanya kazi. Mimi nimeona kompresa inayotema matone ya maji pamoja na hewa, kisha mwanafunzi anaagizwa "kausha kiasi". Nimeona chupa ya gundi yenye asetoni imeachwa wazi mezani tangu asubuhi. Asetoni imekwenda zake na kilichobaki ni uji. Umeme ukikatika kati ya praima na taa, unabaki umeshika mdomo wa mtu wazi huku mate yanapanda. Katika hali hiyo, njia inayotegemea kipimo cha unyevu kisichopimika si dhahabu. Hata lile dai kwamba gundi zenye asidi ndani huondoa maumivu baada ya kuziba, linalotumiwa na upande wa pili, halikusimama: mapitio ya Reis na wenzake ya mwaka 2015 kuhusu meno ya nyuma hayakuona tofauti ya maana kati ya njia hizi mbili. Kila upande una matangazo yake.

Mimi nasema hivi, na nitakubali kukosolewa na mwenye ushahidi. Kwa kliniki kama zetu, njia ya kufundishwa kwanza ni gundi ya asidi laini ya hatua mbili, na asidi ya fosforiki ipakwe kwenye ukingo wa enameli peke yake, sekunde 15 hadi 30, isuuzwe hadi enameli iwe nyeupe kama chaki. Enameli inapata nguvu ya Buonocore, na dentini haivuliwi madini yake yote, kwa hiyo hatuna wavu wa kuukisia unyevu. Kama bajeti inaruhusu chupa moja tu, basi iwe moja ya zile za matumizi yote zenye 10-MDP, aina iliyoanza kuuzwa na Scotchbond Universal mwaka 2011, na bado asidi ipakwe ukingoni. Hizi ni bora kuliko zile zilizohukumiwa mwaka 2005, nalikubali hilo bila kusukumwa. Lakini hata hizo, katika vizibo vya shingoni, hushika vizuri zaidi enameli ikipakwa asidi kuliko zikiachwa zijitegemee. Sekunde 15. Hizo ndizo tulizookoa kwa yule mama.

Ila hoja yangu kubwa sijaifikia, na ndiyo inayowaudhi wenzangu wengi kuliko zote. Katika mapitio yale ya 2005, kilichong'ang'ania jino kuliko gundi zote za chupa tatu, mbili au moja kilikuwa ionoma ya glasi. Ndiyo, ile ile. Waingereza Alan Wilson na Brian Kent waliitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa glasi unaochanganywa na asidi dhaifu. Inashikana na kalsiamu ya jino yenyewe, bila praima, na inavumilia unyevu kuliko kompositi. Inatoa pia floraidi. Na rangi yake ni ya jino, kwa hiyo imo katika mada hii kwa haki zote, ingawa katika orodha ya vizazi haina namba na kwa sababu hiyo haiko kwenye mtihani.

Kwa nini tunaidharau? Nadhani ni kwa sababu ya mahali tulipoizoea. Katikati ya miaka ya 1980, huko Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kuchimba, na njia hiyo baadaye ikajengwa juu ya ionoma ya glasi. Shirika la Afya Duniani liliinadi mwaka 1994. Leo inafundishwa mabara yote. Ni mojawapo ya mambo machache katika taaluma yetu yaliyotoka Afrika Mashariki kwenda kwa wengine, lakini kwenye korido zetu utasikia "hiyo ni ya kambi za vijijini". Mwanafunzi akiweka ionoma ya glasi mjini anaulizwa kompositi imeisha? Tunaona fahari kufuata kizazi cha saba kilichokataliwa na takwimu, na tunaona haya kutumia kitu kilichofaulu kwa jirani.

Ina udhaifu, tena si mdogo. Inalika upesi kwenye meno ya kutafunia yenye mzigo mkubwa, haing'ai, na rangi yake haikaribii ya kompositi nzuri. Jino la mbele la bibi harusi sitaliziba kwayo. Lakini shingo ya jino la nyuma, kwenye mdomo usiokauka, siku ambayo pazia la mpira la kutenga jino halipo na mfyonzo unapiga mluzi bila kufyonza? Hapo kompositi ni kujidanganya, na gundi iwe ya namba yoyote.

Kwa walimu wangu ninaomba mambo mawili tu. Swali la vizazi liondolewe kwenye mtihani, au ligeuzwe: mpe mwanafunzi jino, mahali palipooza, hali ya mate, na vilivyomo kabatini, kisha mwulize atatumia nini na kwa nini. La pili ni kitabu cha kazi. Sasa hivi kinataka sahihi siku ya kuziba. Kiwe na mstari wa gundi iliyotumika, mstari wa jinsi jino lilivyotengwa na mate, na mstari mtupu wa kujazwa mgonjwa akirudi baada ya mwaka. Wengine hawatarudi, najua, nauli ni nauli. Wanaorudi wanatosha kutufundisha. Hivi tulivyo, kizibo changu kilichoanguka kimehesabiwa kuwa kazi iliyokamilika, na sahihi bado ipo.

Yule mama nilimziba upya, safari hii kwa ionoma ya glasi. Nilisafisha shingo ya jino kwa asidi dhaifu ya poliakriliki, nikasuuza, nikaweka, nikapaka vanishi juu. Aliomba kioo, akajitazama kwa muda. Akasema hii ni nyeupe zaidi, haifanani na ile ya kwanza. Nikamwambia ni kweli, nnyabo, haifanani. Jino la pili, lenye mstari wa kahawia, tuliliacha kwa sasa. Nimemwandikia tarehe ya mwezi wa nane.